Ajali Haina Kinga?

Neno ajali tulilipata kwa Waarabu, na kwao asili yake ni muda uliokwisha kupangwa, saa ya mtu ya kufa. Kiswahili hakikuitupa maana hiyo njiani. Ndiyo maana kibarua akianguka kutoka ghorofa ya tatu, mwenye jengo huinamisha kichwa na kusema ajali haina kinga, na waliosimama pale huitikia kana kwamba hukumu imeshatoka. Methali hiyo mimi siitaki kwenye eneo la ujenzi. Kinga ipo: kofia ngumu, buti, mkanda wa kujifungia juu, mirunda iliyokaguliwa kabla zege halijamwagwa.

Kibarua nalo ni neno la kutazamwa. Ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mfanyakazi wa kutwa ili adai ujira wake. Kikaratasi kikawa kazi, kisha kikawa mtu. Mwenzake tunamwita saidia fundi, naye jina lake ni amri tupu, halina hata m ya mtu. Wenye majina ya namna hii husahaulika upesi. Mwenye mali atakwambia kazi amempa mkandarasi. Mkandarasi amempa fundi. Fundi amewaokota vijana kijiweni alfajiri, hajawauliza hata majina ya baba zao. Likitokea la kutokea, kila mmoja anamtazama wa chini yake.

Sheria haiteremki ngazi hiyo. Ile ya Kenya ya 2007, ya usalama na afya kazini, inamtwika mwenye mahali pa kazi usalama wa watu wote wanaofanya kazi hapo, wawe wake au wa mkandarasi. Nalipenda sana hilo neno wote. Sheria ya Tanzania, Na. 5 ya 2003, imebeba jawabu katika jina lake: Usalama na Afya Mahali pa Kazi. Mahali pana mwenyewe, hata mkataba uwe na kurasa ngapi.

Tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka, watu 36 wakafa. Waliofikishwa mahakamani, mwenye mradi na mkandarasi wakiwamo, walisomewa mashtaka ya kuua bila kukusudia.