Wageni wa Lubumbashi na meza za Kenya

Mkenya akifika Kenya ya Lubumbashi haulizwi pasipoti. Ni komini ya jiji hilo la Kongo, kusini mwa katikati ya mji, yenye soko lake na uwanja wa mpira wa Kibassa Maliba. Jioni hunukia michopo: nyama ya mbuzi iliyochomwa juu ya makaa, ikakatwakatwa juu ya gogo, ikawekwa kwenye karatasi pamoja na vitunguu vibichi, chumvi na pilipili. Bia ya Simba haikosi. Siku hizi wanaoila michopo mjini humo ni pamoja na Wachina, Wahindi na Waafrika Kusini, watu waliofuata shaba na kobalti, hasa tangu sheria ya madini ya 2002.

Zamani mgeni hakukaa meza hizo. Élisabethville, jina la mji huo hadi 1966, ilianzishwa 1910, mwaka uleule reli ilipofika kutoka Rhodesia. Wabelgiji waliugawa: Wazungu huku, Waafrika kule, na kati yao ukanda mtupu, eti kwa ajili ya afya. Usiku, Mwafrika hakuruhusiwa kuzurura upande wa Wazungu bila kibali. Starehe nazo zilikuwa na ua wake: klabu, gofu, hoteli, na miaka ya 1950 jumba kubwa la tamthilia. Wagiriki, Wataliano na Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes waliishi zaidi kwa biashara, na sinagogi la 1930 limesimama hadi leo. Mgeni angeweza kumaliza mkataba wake asionje bukari.

Na hiyo bukari, ugali wa Lubumbashi, watu huiapia kuwa ni ya mababu. Sina hakika mababu wangekubali. Unga wa mahindi ulishika mji huu kwa sababu Union Minière, kampuni iliyoundwa 1906, iliwalisha wafanyakazi wake kwa posho, na mahindi mengi yalipanda treni kutoka Rhodesia Kaskazini. Mpaka leo Zambia ikizuia mahindi yake kutoka, bei ya unga Lubumbashi hupanda. Ukitaka chakula cha udongo wenyewe, subiri uyoga wa masika, au nunua chikanda, inayotengenezwa kwa mizizi ya okidi iliyosagwa.

Uhuru wa 1960 uliondoa utawala uliouweka ukanda ule; mwaka 1973 Rais Mobutu akataifisha maduka ya wageni, na Wagiriki wengi wakafungasha. Waliobaki au kuja baadaye walilazimika kujuana na jirani.

Mmoja wao alikuwa Johannes Fabian, mwanaanthropolojia mzaliwa wa Ujerumani, aliyefundisha chuo kikuu cha Lubumbashi miaka ya 1970. Aliporudi 1986 alialikwa kula kuku, na firigisi ikazua mjadala. Ni kipande cha mheshimiwa; je, akigawe na wenzake? Akajibiwa kwa msemo kwamba mamlaka huliwa mazima, hayakatwi. Msomi mwingine angemeza na kushukuru. Fabian aliupeleka msemo kwa kikundi cha maigizo cha Mufwankolo, nao wakautungia mchezo kwa Kiswahili cha mjini kwao, juu ya chifu na watu wake, ukarekodiwa kwa ajili ya televisheni ya taifa, Mobutu akiwa bado ikulu. Kitabu cha Fabian juu ya mlo huo na mchezo huo kilitoka 1990.