Afya irudi serikali kuu? Tulishairudisha mara moja

UZI. Mgomo wa madaktari ukipita wiki ya pili, lazima kuna mheshimiwa atashika maikrofoni matangani aseme kaunti zimeshindwa, afya irudishwe serikali kuu. Mwenzake atamjibu kwamba bila ugatuzi kule kwao hakungekuwa hata na ambulensi. Wamebishana hivyo tangu 2013. Sitawataja, mnawajua. Lakini kwa kelele zote hizo sijasikia hata mmoja akisema kwamba Kenya imeshawahi kuirudisha afya serikali kuu. Ilikuwa tarehe 1 Januari 1970.

Turudi nyuma kidogo. Katikati ya miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilianzisha mabaraza ya wenyeji. Mwenyekiti alikuwa DC, mzungu, na neno lake ndilo lilikuwa la mwisho. Hata hivyo baraza lilikuwa na kodi yake iliyotoka mifukoni mwa watu wa pale pale, na sehemu ya hizo pesa ilienda kwa shule na zahanati. Ukilipia zahanati, unapata mdomo wa kuuliza dawa ziko wapi.

Uhuru ulipokuja, kazi hizo zikaangukia mabaraza ya kaunti. Shule za msingi, vituo vya afya, zahanati, barabara za mashambani, zote zikawa zao. Shida ikawa pesa. Mwaka 1965 serikali ilitangaza matibabu ya bure kwa wagonjwa wasiolazwa, jambo zuri, lakini ada ndogo ndogo zikapotea na wagonjwa wakaongezeka. Kufikia mwisho wa muongo ule mabaraza mengi yalikuwa hoi, na walimu walikaa miezi bila mshahara. Kwa hiyo bunge likapitisha sheria mwaka 1969, na mwaka mpya wa 1970 ulipoingia, elimu ya msingi, afya na barabara zikanyakuliwa kutoka mabaraza ya kaunti. Miji mikubwa kama Nairobi na Mombasa iliachiwa huduma zake. Ndiyo maana wazee wa Nairobi bado husema Pumwani ni hospitali ya City Council.

Nisionee watu. Waliofanya uamuzi ule walikuwa na sababu, maana mfanyakazi asiyelipwa hatibu mtu. Na miaka iliyofuata serikali kuu ilijenga vituo vingi vya afya mashambani. Anayesema serikali kuu haikufanya kitu anadanganya.

Kilichopotea ni kingine. Diwani wa mashambani alibaki na soko, stendi, kichinjio na ushuru wa mazao. Zahanati ikawa ya wizara. Dawa zikikosekana, mama alimlalamikia diwani, diwani akainua mikono juu: hiyo ni ya Nairobi. Mwaka 1983 mipango ya maendeleo ilishushwa hadi wilayani, lakini kamati ya wilaya ilisimamiwa na DC, tena mtu wa kuteuliwa. Mwishoni mwa 1989 ada zilipoingia hospitali za serikali, huko mashambani hapakuwa na baraza hata moja la watu waliochaguliwa lenye nguvu ya kumwita daktari wa wilaya aeleze zile pesa zinatumikaje.

Kutoka 1970 hadi 2013 ni miaka 43. Hicho ni kizazi kizima na zaidi cha viongozi wa mashinani ambao hawakuwahi kukagua huduma ya afya. Halafu tunashangaa MCA akitembelea hospitali anauliza nani alipewa tenda ya geti.

Sasa tuje kwa afya ya akili, ambayo ndiyo imenifanya niandike uzi huu. Zahanati angalau iliwahi kuwa mikononi mwa mabaraza. Afya ya akili haikuwahi, hata siku moja.

Mathari ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, mahali palipokuwa pa kutenga wagonjwa wa ndui. Yaani tangu mwanzo lilikuwa ni wazo la kutenga watu. Mwaka 1938 ikakabidhiwa J. C. Carothers, daktari ambaye hakuwa amesomea magonjwa ya akili, na akaiongoza hadi 1950. Baadaye aliandika kuhusu akili ya Mwafrika kana kwamba ni kitu cha aina moja Afrika nzima, na Shirika la Afya Duniani likamchapishia mwaka 1953. Mwaka uliofuata serikali ya Kenya ikachapisha maelezo yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau. Mtu amenyang'anywa shamba, anapigania shamba, halafu daktari anaandika kwamba shida yake kubwa ni akili iliyovurugika kwa mabadiliko. Ukijiuliza kwa nini mpaka leo "utapelekwa Mathari" ni tusi, anzia hapo.

Baada ya uhuru vitengo vya akili vilifunguliwa katika baadhi ya hospitali za mikoa, na Mombasa wakawa na Port Reitz. Vyote vilikuwa chini ya wizara. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 ilikuja, lakini mwaka 2011 Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilichunguza hali na kukuta huduma hii imetelekezwa kuanzia juu hadi chini, na ukitoka Nairobi ni kubahatisha.

Katiba ya 2010 iligawa kazi. Sera na hospitali za kitaifa za rufaa zikaenda serikali kuu. Vituo vya afya vya kaunti, maduka ya dawa ya hospitali na afya ya msingi zikaenda kaunti. Mathari ikabaki ya kitaifa. Mei 2013, miezi miwili tu baada ya kuchagua MCA wetu wa kwanza, wagonjwa 40 walitoroka Mathari. Nchi ilicheka, vichekesho vikaenea, tukasahau.

Hapo ndipo ule mtindo wa 1970 ulirudi kimya kimya. Kwa kuwa Mathari ni ya kitaifa, kaunti nyingi zilichukulia kwamba afya ya akili yote ni ya kitaifa. Mgonjwa anatolewa kaunti ya mbali, anafungwa kamba kwenye kiti cha nyuma cha matatu hadi Thika Road, anatibiwa, anarudishwa. Akifika nyumbani dawa zinaisha baada ya mwezi, hospitali ya level 4 iliyo karibu haina, na safari inaanza upya. Kila mara nauli ni ya familia.

Kisheria kisingizio hicho kimekwisha. Jopokazi la afya ya akili lilitoa ripoti 2020 na kutaka hali itangazwe kuwa janga la kitaifa. Mwaka 2022 sheria ya 1989 ikarekebishwa, na sasa inataja serikali za kaunti waziwazi: zitoe huduma ya akili ndani ya hospitali zao na katika jamii, zitenge pesa, na ziwe na baraza la afya ya akili la kaunti. Januari 2025 Mahakama Kuu nayo ikasema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka katiba. Kabla ya hapo mtu aliyenusurika angeweza kutoka wodini akapelekwa seli. Akitoka wodini sasa anahitaji mshauri na dawa, na hivyo ni vitu vya kaunti kununua.

Kuna mtu wa tatu kwenye hii hadithi, naye ni mhudumu wa afya ya jamii. Wazo lake ni la zamani, lilijaribiwa Kakamega tangu miaka ya 1970, likawa mkakati wa serikali mwaka 2006, na Septemba 2023 wahudumu zaidi ya 100,000 walizinduliwa rasmi. Huyu mama mwenye mkoba ndiye anayejua ni nyumba gani kuna kijana hajatoka chumbani tangu Pasaka. Mpango ni alipwe Sh5,000 kwa mwezi, nusu itoke serikali kuu na nusu itoke kaunti. Hiyo Sh2,500 ya kaunti iko chini ya macho ya MCA wako moja kwa moja. Ikichelewa, hakuna haja ya kuangalia Nairobi.

Najua mtu ataniambia MCA hana nguvu, gavana ndiye kila kitu. Soma katiba. Kifungu cha 185 kinalipa bunge la kaunti kazi ya kuichunguza serikali ya kaunti. Cha 195 kinaliruhusu kuita mtu yeyote atoe ushahidi au stakabadhi, kwa mamlaka kama ya Mahakama Kuu. Cha 229 kinasema ripoti ya Mkaguzi Mkuu ikifika, bunge lina miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua. Yule diwani wa 1975 angelipa ng'ombe kupata nusu ya hayo.

Kwa hivyo mheshimiwa akija tena na wimbo wa kuirudisha afya, au wa kuitetea isirudi, muulizeni ya kwake kwanza. Bajeti ya mwaka huu ina mstari wa afya ya akili peke yake, au imefichwa ndani ya "huduma nyingine"? Level 4 yetu ina muuguzi wa magonjwa ya akili wangapi? Lile baraza la sheria ya 2022 limeundwa? Wahudumu walilipwa mara ya mwisho mwezi gani?

Asipojibu, sheria ya serikali za kaunti inamruhusu mwananchi yeyote kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti. Liandikwe kwa heshima, lipelekwe kwa karani wa bunge, na hakikisha unabaki na nakala iliyopigwa muhuri.