Kuchoma shamba na kuwasha moto nje: sheria zinazohusu watu wa Nyangwe

Kuanzia mwezi wa sita, mvua inapokatika kusini mwa Maniema, nyasi za mbuga kati ya Nyangwe, Kasongo na Kabambare zinakauka, na moshi unaanza kuonekana pande zote mbili za Lualaba. Ni wakati wa kusafisha mashamba mapya ya mpunga, mahindi na mihogo kabla mvua hairudi mwezi wa tisa. Ni wakati pia ambapo nyumba za nyasi, michikichi na mashamba ya watu wengine vinaungua bila mtu kukusudia.

Kila mwaka swali ni lile lile: kuchoma kunaruhusiwa ama hapana? Jibu fupi ni hili. Mkulima mdogo hakatazwi kusafisha shamba lake. Lakini ruhusa ya kulima si ruhusa ya kuacha moto utembee. Mwenye kuwasha ndiye mwenye kulinda, na ukimtoroka, ndiye mwenye kulipa.

Sheria iko, tena ya zamani

Wengi wanafikiri katazo la kuchoma pori lilikuja na mashirika ya mazingira. Si hivyo. Tayari mwaka 1953, wakati wa Wabelgiji, kulikuwa na amri juu ya moto wa pori katika Kongo. Leo maandishi makubwa ni haya:

– Sheria ya misitu ya tarehe 29 Agosti 2002 (namba 011/2002). Inaadhibu mwenye kuwasha moto unaoharibu msitu. Inakataza pia kukata miti umbali wa mita 50 kila upande wa mto, na mita 100 kuzunguka chemchemi. Mahali ambapo hairuhusiwi kufyeka, hakuna sababu ya kuchoma.

– Sheria ya uwindaji ya tarehe 28 Mei 1982. Inakataza kuwinda kwa moto.

– Kitabu cha sheria za makosa ya jinai cha mwaka 1940. Kinatofautisha mtu aliyechoma mali ya mwenzake kwa makusudi na mtu ambaye moto ulimtoroka kwa kukosa uangalifu. Wa kwanza anapata adhabu kubwa zaidi, lakini hata wa pili anaweza kuhukumiwa.

– Kitabu cha tatu cha sheria za raia, ibara ya 258 mpaka 260. Hizi ndizo zinazomgusa mwanakijiji wa kawaida zaidi ya zote, na maelezo yake yako chini.

Nani ajue kabla ya kuchoma

Kwa shamba la jamaa, la nusu hekta ama hekta moja, watu wa kwanza kujulishwa ni majirani wa mashamba yanayopakana, kisha mkubwa wa kijiji. Sababu ni rahisi: jirani ana mihogo ambayo bado haijachimbwa, mwingine ana mizinga ya nyuki, mwingine amelaza nyasi za kuezeka. Wakijua siku, wanaondoa vitu vyao na wanaleta mikono ya kusaidia. Kujulisha siku mbili ama tatu mbele ni bora kuliko kupiga kelele moto ukishawaka.

Kama msitu unaotaka kufyekwa kwa kilimo unafika hekta 2 ama zaidi, neno la mkubwa wa kijiji halitoshi. Sheria ya misitu inataka kibali cha kukata msitu, kinachotolewa na gavana wa jimbo, baada ya watumishi wa serikali wa misitu kutoa maoni yao. Hilo linahusu hata vyama vya wakulima: watu kumi wakiunganisha mashamba yao madogo kuwa shamba moja, wapime kwanza.

Kuchoma bila kupoteza

Moto wa mwezi wa sita na moto wa mwezi wa nane si kitu kimoja. Mapema katika kiangazi nyasi bado zina maji ndani, moto unaenda polepole na unazimika wenyewe ukikuta majani mabichi. Mwezi wa nane kila kitu kimekauka, moto unaruka juu ya njia na kuua hata miti mikubwa. Kwa hiyo mwenye kutaka kusafisha nyasi tu, kandokando ya kijiji kwa mfano, achome mapema. Mwenye shamba la miti iliyolazwa analazimika kungoja ikauke, na huyo ndiye anayehitaji uangalifu zaidi.

Yanayosaidia yanajulikana:

1. Kabla ya siku yenyewe, safisha njia kuzunguka shamba lote, upana wa mita 3 mpaka 5, jembe lifike udongo. Majani yaliyokatwa yatupwe ndani ya shamba, si nje.

2. Choma jioni, jua likianza kushuka na upepo ukitulia. Saa sita za mchana ni saa mbaya kuliko zote.

3. Angalia upepo unakotoka. Anza upande ule unakoelekea, ili moto urudi polepole dhidi ya upepo. Mkanda ulioungua ukishakuwa mpana, washa pande nyingine. Hapo ndipo methali inapokuwa kweli: dawa ya moto ni moto.

4. Wawe watu wazima kadhaa, wenye matawi mabichi, majembe na ndoo za maji. Mtu mmoja peke yake asichome.

5. Usiondoke moto ukilala. Magogo yanashika moto ndani kwa siku nyingi. Rudi kesho yake na keshokutwa.

Moto wa kuwindia

Hapa ndipo hasara nyingi zinaanzia. Vijana wanawasha nyasi ili simbilisi na panya watoke, wanapata nyama ya siku moja, kisha wanarudi nyumbani na moto unaendelea usiku kucha. Hakuna njia iliyosafishwa, hakuna aliyejulishwa, na kesho yake hakuna mwenye kukubali kwamba ni yeye. Sheria inakataza, hata kama wazee walifanya hivyo zamani. Wazee wenyewe waliishi na pori kubwa zaidi na mashamba machache zaidi.

Moto wa uwanjani

Hakuna anayekatazwa kupika nje, kuota moto asubuhi ama kukausha samaki wa Lualaba kwa moshi. Shida ni mahali na upepo. Mbabula iliyowekwa chini ya ukingo wa paa la nyasi, ama majivu yaliyotupwa nyuma ya nyumba huku makala yakiwa bado mekundu, yanatosha kuchoma nyumba nyingi zilizobanana. Majivu yamwagiwe maji ama yafukiwe. Vibanda vya kukaushia samaki na tanuru za matofali zikae mbali na nyumba. Tanuru la makala lizungukwe na udongo mtupu, na lilindwe mpaka lizimike kabisa.

Taka za nyumbani pia zinachomwa nje. Majani yanafaa kuwa mbolea kuliko moshi. Plastiki na betri zikichomwa zinatoa moshi wenye sumu, na watoto ndio wanaouvuta kwanza.

Moto ukitoroka, nani analipa?

Ibara ya 258 ya kitabu cha tatu cha sheria za raia inasema kwamba anayemletea mwenzake hasara kwa kosa lake anapaswa kuirekebisha. Ibara ya 259 inaongeza: hata kama ni uzembe tu ama kukosa uangalifu. Na ibara ya 260 inawagusa wazazi: mtoto anayeishi nao akileta hasara, baba na mama wanaweza kuulizwa. Kwa hiyo kumtuma mtoto awashe hakumwokoi mkubwa.

Vilevile, kujulisha mkubwa wa kijiji hakufuti deni. Mama ambaye mihogo yake ya mwaka mzima imeungua hana faida na maneno «nilikuwa na ruhusa». Anahitaji chakula na mbegu.

Mambo mengi ya namna hii yanamalizwa kijijini, mbele ya wazee, na hiyo ni njia nzuri kama pande zote zinakubali. Inafaa kilichoungua kihesabiwe siku ile ile, mbele ya mashahidi, na mapatano yaandikwe: kiasi gani, kwa mbegu ama kwa franga, na siku gani. Wasipopatana, mwenye hasara ana haki ya kwenda mahakamani.

Faini ni kitu kingine. Faini inaingia katika hazina ya serikali, haimlipi aliyeunguliwa. Anayetozwa ana haki ya kuuliza sheria gani inatumika na kupewa karatasi ya malipo yenye muhuri. Aiweke vizuri, pamoja na karatasi ya mapatano kama iko.