Dawa za Mahabusu: Kutoka Seli ya Buruburu hadi Rumande

Mtu anayekamatwa Buruburu, Nairobi, hupita mikononi mwa taasisi tatu kabla kesi yake haijasikilizwa: kituo cha polisi cha mtaa, Mahakama ya Makadara na, akikosa dhamana, rumande ya Industrial Area. Ni mwendo mfupi kwa gari. Hatari kubwa ya dawa kizuizini imo humo njiani, katika kila kukabidhiwa, kuliko ndani ya stoo ya dawa ya gereza.

Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, lakini muda huo ukiishia siku isiyo ya mahakama husogezwa hadi siku ya kazi inayofuata. Aliyekamatwa Ijumaa jioni basi aweza kulala seli hadi Jumatatu. Kwa mgonjwa wa kisukari ambaye mwili wake hautengenezi insulini kabisa, muda huo watosha kumtia katika hali ya kuhatarisha uhai. Mwenye kifafa anayekatiziwa fenobabitoni ghafla huweza kupata degedege zisizokoma. Seli haina mfamasia. Anayeamua kama kidonge kimezwe ni askari wa zamu, na hofu yake ina msingi. Hawezi kutambua vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi bila jina, na vidonge vya kulevya, bugizi miongoni mwake, huuzwa mitaani. Ila kuvichukua bila kumuuliza mhudumu wa afya si tahadhari. Ni kumnyima mgonjwa tiba.

Rumande ina mhudumu wa afya, lakini naye humpokea mgonjwa asiye na historia. Pengo hilo lina madhara yanayopimika kwa miligramu. Mtu mwenye VVU na kifua kikuu anayetumia rifampisini huhitaji dawa ya VVU ya dolutegraviri miligramu 50 mara mbili kwa siku, kwa sababu rifampisini hupunguza kiwango chake mwilini. Mgonjwa wa kawaida huimeza mara moja. Asiyejua kuwa mgonjwa yuko kwenye dawa za kifua kikuu atampa dozi pungufu, naye ataonekana kana kwamba ametibiwa. Siku ya kesi huongeza tatizo jingine: mahabusu akiondoka alfajiri kabla ya dawa kugawiwa, dozi ya asubuhi hupita. Na akiachiliwa huko huko kortini, dawa zake hubaki rumande.

Sheria iko wazi kuliko mazoea. Ibara ya 51 humhifadhia aliyezuiliwa haki zake zote isipokuwa zile zisizopatana na kuzuiliwa kwake, na Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya 2014 inatambua haki yake ya matibabu. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinataka faili la matibabu limfuate mfungwa anapohamishwa. Mahakama Kuu nayo, kwa uamuzi wa Jaji Mumbi Ngugi wa Machi 2016, ilisema kuwafunga gerezani wagonjwa wa kifua kikuu walioacha dawa hakuruhusiwi na Sheria ya Afya ya Umma. Wagonjwa wa Kapsabet walikuwa wamefungwa hivyo mwaka 2010. Gereza lenye msongamano ni mahali pabaya pa kutibu ugonjwa unaosafiri kwa hewa.

Kinachohitajika kwanza hakidai jengo jipya. Afisa wa kituo angeuliza maswali machache anapomwandikisha mshukiwa katika kitabu cha matukio: dawa gani, ya mwisho lini, kliniki ipi. Majibu mshukiwa angeyaandika mwenyewe kwenye kadi inayofungwa katika bahasha, isomwe na mhudumu wa afya peke yake, maana hali ya VVU si habari ya askari wala wenzake wa seli. Kliniki ya karibu ingethibitisha kwa simu. Chupa ya insulini iliyofunguliwa hudumu takriban wiki 4 kwenye joto la kawaida la chumba, hivyo kukosa friji kituoni si sababu ya kuikataa. Sindano ndiyo ingekaa kwa afisa na kutolewa kwa saa yake. Rumande nayo ingempa kila mgonjwa anayekwenda kortini dozi ya siku ile kabla ya lori kuondoka, pamoja na dawa za siku chache zinazoshikwa na askari wa msafara, akabidhiwe papo hapo akipewa dhamana.