Chukua ada, uondoke: Ford na wafanyakazi wake, 2006

Wadau, hebu fikirieni hili. Una miaka 38, umekuwa ukifunga milango ya magari kiwandani tangu umalize sekondari. Siku moja mwajiri anakwambia: nitakulipia chuo miaka minne, nusu ya mshahara utaendelea kuipata, bima ya afya nabeba mimi. Sharti ni moja tu, ukimaliza shule kazini hurudi.

Ndivyo kampuni ya Ford ilivyowaambia wafanyakazi wake kule Marekani Septemba 2006. Ofa ilikwenda kwa wanachama wote wa chama cha UAW, watu kama 75,000, na ilikuwa na mafungu manane ya kuchagua. Fungu la shule lililipa ada hadi dola 15,000 kwa mwaka. Kulikuwa na jingine ambalo ada ilikwenda kwa familia ya mfanyakazi. Yaani baba anaacha kazi, mtoto anasoma.

Sisi wa Bongo tuliosikia wazee wakisimulia "kupunguzwa" kwa miaka ya 1990, wakati mashirika ya umma yanauzwa, tunajua kiinua mgongo tu. Unapewa chako, unaenda. Kwa nini Mmarekani abembelezwe? Si huruma. Ni mkataba. Chini ya makubaliano na UAW, mfanyakazi aliyekosa kazi aliingizwa kwenye utaratibu ulioitwa Jobs Bank, akaendelea kulipwa karibu mshahara wote hata kama hakuna gari la kuunda. Ongeza matibabu ya wastaafu. Kampuni iliyopata hasara ya dola zaidi ya bilioni 12 mwaka huo iliona ni nafuu kumlipa mtu aondoke.

Sasa tupige hesabu kidogo. Kijana ambaye hajafikia kustaafu angeweza kuchukua dola 100,000 taslimu na kusahau bima. Mshahara wa kiwandani ulizidi dola 25 kwa saa. Nusu yake kwa miaka minne ni zaidi ya dola 100,000, halafu ada hadi 60,000 juu yake. Kwenye karatasi shule ilishinda. Lakini mwenye mkopo wa nyumba anaishije kwa nusu mshahara miaka minne? Na aliyeondoka darasani miaka ishirini iliyopita anaanzia wapi na aljebra? Mimi nadhani ofa hii iliandikwa na mtu ambaye hajawahi kuogopa mtihani.

Hadi Novemba, watu kama 38,000 walikuwa wamesaini kuondoka kwa mafungu mbalimbali. Karibu nusu ya wafanyakazi wote wa saa! Kiwanda cha Hapeville, jirani na Atlanta, kilifungwa Oktoba mwaka huohuo, na cha Wixom, Michigan, kikafuata 2007.

Je, shule inamsaidia mtu wa namna hii? Majibu yanagongana. Wachumi Jacobson, LaLonde na Sullivan waliwafuatilia waliopoteza kazi jimbo la Washington wakaingia vyuo vya jamii. Mwaka mmoja wa masomo uliongeza kipato kwa kama asilimia 9 kwa wanaume na 13 kwa wanawake, na faida kubwa ilitoka kwenye masomo ya ufundi, hesabu na sayansi. Lakini mji wa Janesville, Wisconsin, ambako GM walifunga kiwanda Desemba 2008, ulitoa picha nyingine kabisa. Mwandishi wa habari Amy Goldstein aliwachunguza waliorudi shule kule, wengi kwa msaada wa serikali, na katika kitabu chake cha 2017 akaonyesha kwamba walipata kazi kwa shida kuliko wasiorudi, na mishahara yao ilishuka zaidi. Uchumi ulikuwa umeanguka. Cheti unacho, ajira hamna. Wahitimu wa Bongo hili halihitaji maelezo.

Januari 2008 Ford walirudi na ofa kwa 54,000 waliobaki, shule ikiwemo tena. Safari hii bei za nyumba Michigan zilikuwa zinaporomoka, kazi nje hazikuwepo, na hata anayetaka kuhama angemuuzia nani nyumba? Waliosaini walikuwa kama 4,200 tu.