Shanga za Mkukutu

Basi la Lindi likisimama Kibiti, wauza korosho hulizingira, na abiria akishanunua hana la kutazama zaidi. Mkukutu, jirani na mji huo, hakuna gofu wala mnara. Ya kale yake yamelala chini ya mchanga.

Anayetaka makaburi ya mawe aende Ngorongoro. Humo ndani ya kreta, wafugaji wa kale waliwazika wafu wao pamoja na mabakuli ya mawe, kisha wakawarundikia mawe juu. Mwanaakiolojia Mary Leakey alichapisha taarifa ya uchimbaji wa marundo hayo mwaka 1966. Lakini Delta ya Rufiji, upande wa Mkukutu, ni tope, mikoko na mto unaohamahama. Mchimbaji wa huku hufuata vigae vya vyungu na mavi ya chuma.

Ndivyo alivyofanya Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1990. Mkukutu, pamoja na vigae vya wafua chuma wa mwanzo wa pwani, alikuta shanga za kioo, baadhi zikiwa na utando wa dhahabu ndani yake. Mwaka 1999 aliandika kwamba ni za Kirumi.

Wataalamu walishtuka kwa sababu ya kitabu kimoja. Katika karne ya 1, mfanyabiashara kutoka Misri aliandika kwa Kigiriki mwongozo wa safari za Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki, aliyoiita Azania. Soko la mwisho aliliita Rhapta, lenye pembe za ndovu na magamba ya kasa kwa wingi, na jina hilo alilihusisha na vyombo vya kushonwa. Kwa mtu wa pwani hilo si geni: mtepe, chombo cha kale cha huku, nao ulishonwa kwa kamba za nazi, bila msumari hata mmoja.

Chami anaiweka Rhapta upande wa Rufiji. Wenzake wanabishana naye hadi leo. Ushanga hupita mikono mingi, na hauthibitishi kwamba Mrumi alikanyaga Kibiti. Lakini hakuna anayetoa shanga zenye dhahabu bure. Aliyezipokea Mkukutu alikuwa na chake cha kutoa.

Wa Ngorongoro waliachiwa marundo yanayoonekana kwa mbali. Wa Mkukutu waliacha vyungu vilivyovunjika na shanga zinazoenea kiganjani, nazo zinatosha kutuambia kwamba bahari ilikuwa njia yao.