Uhuishaji au Ughushi? Sharon Jones, Dap-Kings na Suala la Mapokeo katika Muziki wa Fanki

Mhakiki anapokutana na kazi ya leo iliyovaa fani ya jana, hulazimika kujiuliza kama anayoyaona ni mapokeo yanayoendelezwa au ni nakala tu. Swali hili si geni kwa wasomi wa ushairi wa Kiswahili, ambao wamelikabili tangu mgogoro wa miaka ya 1970 baina ya watetezi wa arudhi na watunzi wa mashairi huru. Makala haya yanalichunguza katika uwanja mwingine, yaani rekodi za Sharon Jones na bendi ya Dap-Kings ya Brooklyn, New York, zilizotolewa kuanzia mwaka wa 2002. Tunadai kwamba fani peke yake haiwezi kulijibu swali hilo. Sharti izingatiwe pia historia ya fanani.

Fanki ni muziki wa Wamarekani weusi uliopata umbo lake katika nusu ya pili ya miaka ya 1960. Mwasisi wake mkuu ni James Brown, aliyelelewa Augusta, Georgia, hasa kwa nyimbo zake "Papa's Got a Brand New Bag" (1965) na "Cold Sweat" (1967). Katika nyimbo hizo kila ala, zikiwemo gitaa na tarumbeta, hutumiwa kana kwamba ni ngoma, na uzito huangukia pigo la kwanza la kila mzunguko. Katika miaka ya 1980, vinanda vya elektroniki na mashine za ngoma vilichukua nafasi ya bendi za namna hiyo katika sehemu kubwa ya muziki wa kibiashara.

Katika miaka ya 1990, Gabriel Roth na Philippe Lehman walianzisha huko New York kampuni ndogo ya Desco, kwa nia ya kurekodi fanki kwa mtindo wa zamani. Mojawapo ya santuri zao, "The Revenge of Mister Mopoji", ilitolewa kana kwamba ni muziki wa filamu ya kale ya kung-fu. Filamu hiyo haikuwahi kuwako. Umahiri wa wapigaji haukuwa na shaka, lakini kazi yenyewe ilitegemea kumfanya msikilizaji aamini historia ya uongo. Huu ndio uigaji unaokaribia ughushi: fani imekamilika, ila haina mtu inayemsemea.

Mwaka wa 1996, Sharon Jones aliitwa kuitikia katika rekodi ya mwimbaji Lee Fields. Waitikiaji watatu walihitajika. Alifika yeye peke yake, akaimba sehemu zote tatu. Jones alizaliwa Augusta mwaka wa 1956, katika mji ule ule wa Brown, akakulia Brooklyn na kuimba kanisani. Alikuwa amefanya kazi ya askari gereza katika Rikers Island na ya ulinzi wa magari ya kusafirishia fedha. Mwenyewe alisimulia jinsi alivyokataliwa na wenye biashara ya muziki kwa kuambiwa kuwa ni mweusi mno, mnene mno, mfupi mno na kwamba umri umempita. Albamu yake ya kwanza na Dap-Kings ilipotoka mwaka wa 2002, alikuwa na miaka 46. Sauti hiyo haikuwa ikiiga ujana wa mtu mwingine, bali ilikuwa ikidai zamu iliyonyimwa.

Albamu hiyo ilitolewa na Daptone, kampuni iliyoasisiwa na Roth pamoja na mpiga saksofoni Neal Sugarman. Bendi ilirekodi kwa utepe wa sumaku, wapigaji wakicheza pamoja. Mbinu hii si pambo. Humlazimisha kila mpigaji kumsikiliza mwenzake, kama ilivyo katika utendaji wa fasihi simulizi. Athari yake inadhihirika katika "What Have You Done for Me Lately?", wimbo wa Janet Jackson wa mwaka wa 1986 uliorudiwa katika albamu hiyo. Asiyejua tarehe angeweza kudhani kuwa wa Jones ndio uliotangulia.

Hata hivyo, uhuishaji huu haukufuta dhuluma zilizoutangulia. Nyingi za tungo zilikuwa za Roth, mzungu. Aidha, Dap-Kings walipiga katika nyimbo kadhaa za "Back to Black" (2006), albamu ya Amy Winehouse, msichana wa Kiingereza aliyejinyakulia tuzo tano za Grammy mwaka wa 2008. Jones alisubiri hadi albamu ya "Give the People What They Want" (2014) ndipo akateuliwa kuwania tuzo hiyo. Soko lililomwona Jones kuwa mzee liliipokea bendi yake ilipompigia mwimbaji kijana.

Albamu hiyo ya 2014 ilikuwa imecheleweshwa na saratani iliyogunduliwa mwaka wa 2013. Jones alirudi jukwaani akiwa kipara kutokana na matibabu, bila kuvaa nywele za bandia. Alifariki tarehe 18 Novemba 2016, na "Soul of a Woman" ikatolewa mwaka uliofuata. Kwa hivyo basi, tofauti baina ya Mopoji na Jones haimo katika mapigo wala katika utepe, kwani vyote viwili vilitoka katika karakana moja ya fikra. Imo katika kwamba Jones alikuwa na dai la kweli juu ya fani hiyo, nayo fani ikampa mahali pa kulitolea. Mapokeo hayahuishwi kwa kurudisha sauti ya zamani tu. Huhuishwa pale yanapompa nafasi mtu ambaye zamani hizo zilimfungia mlango.